Siku Kumi na Nne Badala ya Tisini

Alhamisi, jioni. Baridi ya Julai imekaza na jua halijatokea tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vyangu vinakataa kuchapa. Sijui kama ni baridi au ni hofu ya siku nne ambayo haijanitoka mwilini.

Nitaandika yote. Nikiacha kitu leo, kesho nitakuwa nimeshajipatia sababu ya kukiacha.

Kwa wanaopita hapa bila kunijua: ninaitwa Wairimu, na ninafanya kazi katika maabara ya binafsi hapa mjini kati. Kliniki ndogo za upande wa magharibi, pamoja na tawi letu dogo la Dagoretti Corner, hutuletea damu ya wagonjwa wao, sisi tunapima na kurudisha majibu. Wengine wanapima, mimi natunza seva. Hifadhidata yenye majibu ya watu wote hao iko chini ya mkono wangu, peke yangu, mwaka wa tatu sasa.

Seva hiyo huandika kila jambo inalofanyiwa. Nani ameingia, saa ngapi, ameongeza nini, amebadilisha nini. Maandishi hayo yanaingia kwenye faili tunazoziita logi, na logi hunenepa haraka kama nguruwe wa Krismasi. Ukiziacha, wiki chache tu diski imejaa na hifadhidata nzima inasimama. Kwa hiyo niliandika skripti, programu fupi ya mistari kama arobaini. Kila siku, watu wakiwa hawapo kazini, inaipa logi ya siku hiyo jina lenye tarehe, inaiamuru hifadhidata ianze nyingine mpya, inaibana ile ya zamani ili isichukue nafasi kubwa, kisha inaihamishia kwenye diski ya akiba. Mwisho inafuta zote zilizopita siku tisini.

Tisini haikuwa namba yangu. Ilikuwa amri ya Daktari, mwenye maabara. Aliandika kwenye karatasi ya taratibu na akaweka sahihi: rekodi za mabadiliko zihifadhiwe miezi mitatu.

Miezi miwili iliyopita diski ya akiba ilifika asilimia tisini na sita. Nilikuwa nimeomba diski nyingine mara mbili nikaambiwa ningoje. Ilikuwa Ijumaa mchana na nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Nikafungua skripti, nikafuta 90, nikaandika 14, nikaiendesha. Nafasi ikapatikana kufumba na kufumbua. Nakumbuka nilijisikia mjanja.

Sikumwambia mtu.

Sasa nije kwa Jumatatu.

Jumatatu asubuhi ilifika barua kutoka hospitali moja. Mgonjwa aitwaye Mary Wambui, miaka ishirini na minane, mjamzito, alipelekwa huko kufanyiwa upasuaji wa kujifungua akiwa na kadi yetu. Kadi inasema kundi lake la damu ni A. Hospitali ilimpima upya kabla ya kumwandalia damu, kama wanavyofanya siku zote, wakakuta ni O. Mama na mtoto wako salama. Lakini barua iliuliza swali moja tu: je, kama kungekuwa na haraka na mtu akaiamini kadi yenu?

Kwenye hifadhidata, jibu lile la A lilikuwa na jina la aliyepima. Consolata.

Madam Conso, kama tunavyomwita, ndiye mpimaji mkongwe wa maabara yetu. Alitoka Kakamega akiwa msichana, amepima damu ya Nairobi miaka mingi kuliko niliyokaa mimi darasani. Ndiye aliyenionyesha mahali pa kununua chakula cha mchana siku yangu ya kwanza kazini. Ana sauti ya kuimba kwaya na macho ambayo hayapitwi na kitu.

Daktari alituita ofisini, yeye na mimi.

"Mimi niliandika O," Madam Conso alisema. "Huyo msichana namkumbuka. Nilimtoa damu mwenyewe, siku ya zamu yangu tawini. Alikuwa anaogopa sindano, akashika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Ilikuwa O, na nikaandika O."

"Kompyuta inasema A," Daktari akasema.

"Basi kompyuta inadanganya."

Wote wawili wakanigeukia.

Zamani kulikuwa na kitabu. Kila jibu liliandikwa kwa kalamu kwenye kitabu kikubwa cheusi kabla ya kuingizwa kwenye kompyuta. Mwaka juzi nilisimama mbele ya wafanyakazi wote nikasema kitabu hicho ni kufanya kazi moja mara mbili, kwamba seva haisahau. Madam Conso alipinga. Mimi nikashinda.

"Wairimu," Daktari akasema, "logi si zinaonyesha nani aliandika nini? Nitolee za wiki aliyopimwa."

Ilikuwa wiki tano zilizopita. Nilijua palepale, nikiwa nimesimama kwenye zulia lake, kwamba logi za wiki hiyo hazipo. Nilizifuta. Skripti yangu ilizifuta kwa namba niliyoiandika kwa kidole changu.

"Nitazitafuta, Daktari," nikasema.

Madam Conso akaambiwa akae nyumbani mpaka ukweli ujulikane. Alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Alipopita karibu nami alinishika begani. "Zitoe tu, msichana wangu," akasema. "Mimi siogopi."

Alinishika begani. Alikuwa ananipa moyo mimi.

Jumanne yote nilijifanya natafuta. Nilipitia diski ya akiba nikijua nitakuta nini: faili kumi na nne, za siku kumi na nne, zimepangwa vizuri. Nilijaribu programu ya kufufua faili zilizofutwa. Ilileta vipande vya takataka. Nafasi ile ilikuwa imeandikwa juu yake mara nyingi mno. Saa nne Madam Conso akapiga simu. "Umepata?" Nikasema bado natafuta. Saa nane akapiga tena. Bado natafuta. Daktari alipita mezani kwangu jioni. Bado natafuta.

Niungame jambo lingine. Jumanne hiyo niliandika barua pepe kwa Daktari ikisema kwamba diski ya akiba ilipata hitilafu na logi za zamani zimeharibika. Sikuituma. Lakini niliiandika mpaka mwisho, nikarekebisha hata koma, nikaiweka pale isubiri. Nililala nayo.

Jumatano asubuhi nilifika kazini nimeshaamua kuituma. Nilifungua sanduku la barua. Juu kabisa kulikuwa na ujumbe kutoka kwa skripti yangu, ule ambao hunitumia kila alfajiri baada ya kumaliza kazi. Huwa naufuta bila kuusoma. Safari hii, kwa sababu nilikuwa natafuta chochote cha kunichelewesha, niliusoma.

Ulisema: imeshindwa kufikia kompyuta ya tawi.

Nikarudi nyuma. Jana yake, vilevile. Juzi, vilevile. Siku tisa mfululizo.

Nikafungua skripti na kuisoma kama vile imeandikwa na mtu mwingine. Na pale katikati, mstari wa ishirini na kitu, nikamkuta yule Wairimu wa mwaka wa kwanza, aliyekuwa bado anaogopa kila kitu. Alikuwa ameweka mstari wa kutuma nakala ya pili ya kila logi kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya kaunta ya tawi letu la Dagoretti Corner, kwa kuwa moto ukitokea mjini angalau kitu kibaki mahali pengine. Upande ule hakukuwa na mstari wa kufuta. Nakala zilikuwa zinaingia tu, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku tisa zilizopita.

Nilimpigia Purity, anayepokea wagonjwa pale tawini. Nilikosea namba mara ya kwanza.

"Ile kompyuta ya zamani? Haiko," Purity akasema. "Si tuliletewa mpya wiki jana. Ile ilibebwa na fundi."

"Fundi gani?"

"Ngoja niangalie karatasi." Nikamsikia akifungua droo. "Ochieng. River Road, jengo la duka la mabomba, ghorofa ya pili. Kwani kuna nini, Wairimu? Sauti yako."

Nikachukua laptop ya ofisi nikatoka bila kumuaga mtu. Kutoka kwetu hadi River Road ni mwendo wa dakika kumi na tano. Mimi nilitembea kwa nane, nikipishana na mikokoteni, watu wenye mabati vichwani, akina mama waliobeba mafurushi ya nguo. Kichwani nilikuwa na picha moja tu: fundi ameketi, ameifungua diski, anabonyeza kitufe cha kuifuta.

Ghorofa ya pili ilikuwa na mlango wa mchapishaji wa kadi za harusi, na mkabala wake chumba kilichojaa kompyuta zilizotolewa matumbo. Ochieng alikuwa mtu wa makamo, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamweleza bila hata kusalimia vizuri.

"Ya Dagoretti Corner," akasema taratibu. "Hiyo nilishaifungua. Sanduku limeenda, kumbukumbu imeenda."

"Diski?"

"Diski ilikuwa giga ngapi?"

"Arobaini."

Akajikuna kidevu. "Za arobaini zilikuwa kumi na moja. Nne nimeshaziwekea Windows, ziko kwa wenyewe. Saba ziko hapo." Akaonyesha rafu. Hazikuwa na alama yoyote. "Ukitaka kuangalia, angalia. Kiti hicho."

Nilikaa. Aliniazima waya wake, nikawa naunganisha diski moja baada ya nyingine kwenye laptop. Ya kwanza ilikuwa na picha za harusi. Ya pili ilikuwa na barua za mkuu wa shule fulani. Ya tatu tupu. Ya nne ilikuwa na michezo. Kila moja ilichukua muda wake kuamka, inanguruma, inatulia, na moyo wangu unanguruma nayo. Ya tano, nyimbo. Ya sita, tupu. Ya saba ilikuwa ya mwanafunzi, mtihani wa majaribio wa kemia.

Basi. Ni mojawapo ya zile nne. Imeshafutwa, imewekwa Windows, na saa hii mtu anaandikia barua ya kuomba kazi juu ya logi zangu.

Nilikaa pale nikitazama ukuta. Nikafikiria ile barua pepe yenye koma zilizorekebishwa.

"Na hizo za kwenye ndoo?" nikauliza, nadhani kwa ajili tu ya kutosimama.

Chini ya meza kulikuwa na ndoo ya rangi iliyojaa diski.

"Hizo zimekufa. Zinaenda kwa watu wa vyuma chakavu kesho."

"Umejuaje zimekufa?"

"Nazichomeka, Windows haioni kitu ndani. Inaniuliza kama nataka kuisafisha. Nikiona hivyo natupa, sina wakati wa kuhangaika na diski mbovu."

Nilimwangalia. Kisha nikaiangalia ndoo.

Kompyuta ya tawi haikuwa na Windows. Mimi mwenyewe niliiwekea mfumo mwingine, Linux, mwaka ule wa kwanza. Na diski ya Linux, ukiichomeka kwenye Windows, inaonekana kama haina kitu; laptop yangu nayo ni ya Linux, ingeisoma.

Nikapiga magoti sakafuni. Ya kwanza kutoka kwenye ndoo ilikuwa imekufa kweli, ilikuwa inagonga ndani kama mtu anayegonga mlango. Ya pili ilikuwa ya ukubwa mwingine. Ya tatu ilizunguka, ikatulia, na kwenye kioo changu zikajitokeza faili. Mamia. Zimepangwa kwa tarehe, kila moja na jina nililolitunga mimi.

Nilitoa sauti fulani. Ochieng akaweka chini bisibisi yake.

Nikatafuta wiki ile, nikaifungua logi ya Jumanne, nikatafuta jina. Likatoka. Mary Wambui, miaka ishirini na minane, kundi la damu O. Imeingizwa na Consolata, saa tano na dakika kumi na mbili asubuhi.

Alikuwa amesema kweli. Bila shaka alikuwa amesema kweli.

Sasa ilibaki kumjua aliyebadilisha. Nikatafuta mbele, siku baada ya siku. Jumatano hakuna. Alhamisi kuna Mary Wambui mwingine, miaka arobaini na sita, kundi A. Ijumaa hakuna. Jumamosi, saa tano na dakika arobaini, nikaikuta amri iliyounganisha Mary Wambui wa kwanza na Mary Wambui wa pili kuwa mgonjwa mmoja, na kwa kila kipimo likabaki jibu moja tu, mara la huyu, mara la yule. Haikutoka kwenye kompyuta za wapimaji. Ilitoka kwenye seva yenyewe, kwa jina la msimamizi.

Msimamizi ni mmoja tu.

Nikaikumbuka Jumamosi hiyo. Kulikuwa na wagonjwa walioandikishwa mara mbili, wakivuruga hesabu za mwezi, na nilikuja ofisini kusafisha. Nilitoa orodha ya majina yaliyofanana, nikayaunganisha kwa mkono, jozi baada ya jozi. Nilikuwa naangalia jina na mtaa. Hawa wawili majina yalikuwa sawa na wote walipita tawi la Dagoretti Corner. Mwaka wa kuzaliwa sikuutazama.

"Umepata?" Ochieng akauliza.

"Nimepata."

"Sasa mbona unakaa kama umefiwa?"

Nilichomoa waya wake, nikamrudishia. Akaniambia niende na diski, nitamletea nyingine nikipata. Nilishuka ngazi nikiwa nimeikumbatia kifuani ndani ya sweta.

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi, kwa hiyo hapa ndipo sitaruka. Nilirudi mezani kwangu na nikanakili kwenye flash disk mistari ya Jumanne peke yake. Ile ya Consolata. Nilijiambia inatosha: Madam Conso atarudi kazini, na lile badiliko tutaliita hitilafu ya mfumo. Nani atajua? Anayejua kusoma logi katika jengo lile ni mimi. Nikaenda nyumbani na maelezo hayo, na roho ikayakubali. Niliweza hata kula.

Leo asubuhi niliingia kwa Daktari na ile flash disk. Alisoma mistari yangu mitatu, akaisoma tena, polepole.

"Kwa hiyo Consolata aliandika O."

"Ndiyo, Daktari."

"Sasa nani aliibadilisha?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Bado natafuta. Nilikuwa nimelisema mara nyingi tangu Jumatatu hata lilikuwa linatoka lenyewe. Nikafungua mdomo, na maneno hayo yakakataa. Sijui nieleze vipi. Sikuwa nimeamua kuwa mtu mwema. Nilichoka tu kuyasema.

"Ni mimi," nikasema.

Kisha nikamwambia yote, kuanzia 90 na 14. Hata ile barua pepe.

Daktari hakupaza sauti. Alinyanyua simu ya mezani, akapiga namba anayoijua kwa moyo. "Madam, rudi kazini. Leo. Kosa halikuwa lako, na mimi nitakuomba msamaha ukifika." Akaweka simu chini. "Barua yako utaipata Jumatatu," akaniambia, bila kunitazama. "Sasa toka."

Madam Conso alifika saa nne. Nilimfuata kwenye chumba cha kupimia, nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakuniambia niketi. Alisikiliza huku akifunga vifungo vya koti lake.

"Nilikupigia simu," akasema. "Ukaniambia unatafuta."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa umefuta."

"Ndiyo."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji, nadhani. Badala yake akakunja uso, si kwa hasira, kama mtu anayepiga hesabu.

"Huyo Wambui mwingine yuko wapi?"

"Yupi?"

"Uliunganisha watu wawili, Wairimu. Mmoja tumempata hospitalini. Wa pili yuko wapi? Alipewa majibu ya nani?"

Siku nne zote hizo nilikuwa nimemfikiria Madam Conso, nimemfikiria Daktari, nimejifikiria mimi. Yule wa pili hakuwa amenijia kichwani hata mara moja.

"Na siku hiyo uliunganisha wangapi kwa jumla?" akauliza.

Jozi kumi na tisa.

Tulikaa pamoja, mimi na logi zangu, yeye na kalamu. Jozi moja baada ya nyingine, mwaka wa kuzaliwa, aliyepima, majibu ya awali. Diski ile ya kwenye ndoo ilikuwa na kila kitu, na kwa hiyo kila jibu niliweza kulirudisha mahali pake. Kumi na sita walikuwa kweli mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Jozi tatu walikuwa watu tofauti. Jozi mbili kati ya hizo tuliwapata kwa simu kabla ya saa saba. Majibu yao hayakuwa na madhara, tukaomba radhi, tukawaandalia karatasi mpya.

Akabaki Mary Wambui wa miaka arobaini na sita. Alhamisi ile Madam Conso alikuta sukari yake iko kumi na saba. Majibu alikuja kuyachukua tawini Jumatatu, siku mbili baada ya usafi wangu. Karatasi aliyopewa ilikuwa na sukari ya yule msichana mjamzito: tano, ambayo ni ya kawaida.

Wiki tano anatembea akijua yuko mzima.

Simu hakuwa ameandika. Mahali pa kuishi palisema: Mutuini, nyuma ya shule.

"Chukua sweta yako," Madam Conso akasema.

Tulifika huko yapata saa tisa. Mutuini ni mashamba madogo na nyumba mpya za kupangisha zimejipenyeza katikati, mawe ya kijivu kando ya majani ya ng'ombe. Tuliulizia dukani. Mwenye duka alitutajia akina Wambui watatu. Wa kwanza alikuwa bibi wa miaka themanini. Wa pili alikuwa amehama. Njia ilikuwa matope na mimi nilikuwa na viatu vya ofisi. Madam Conso alitangulia, mkoba wake umebanwa kwapani.

Wa tatu tulimkuta akikata majani kando ya zizi. Mwanamke mwembamba, mwembamba mno, nguo zimemzidi. Kando yake kulikuwa na dumu la maji, na kabla ya kutusalimia alikunywa kwanza, muda mrefu.

Madam Conso akaniangalia. Sihitaji kuelezwa tena maishani mwangu maana ya namba kwenye hifadhidata.

"Habari yako, mama," akasema. "Sisi tumetoka kwa wale wa kupima damu. Ulikuja Dagoretti Corner?"

"Nilikuja. Mkaniambia niko sawa."

"Unajisikia vipi?"

"Nachoka. Nakunywa maji kama ng'ombe, usiku nzima naamka kuenda choo. Na macho siku hizi, herufi zinaruka, Biblia nasomewa. Lakini karatasi ilisema niko sawa, nikaona ni umri tu."

Madam Conso alitoa kipimo kidogo mkobani, akamwomba kidole. Tulingoja, sisi watatu, tukisikiliza ng'ombe akitafuna. Kipimo kikalia. Ishirini na mbili.

"Mama, karatasi tuliyokupa haikuwa yako," Madam Conso akasema kwa upole. "Sukari yako iko juu sana. Inatakiwa twende kwa daktari sasa hivi, si kesho. Inatibika, lakini twende."

Mwanamke alikitazama kiganja chake kitupu, kana kwamba karatasi ile ilikuwa humo. "Sasa ni nani alikosea?" akauliza.

Madam Conso hakunitazama. Aliendelea kukirudisha kipimo mkobani, taratibu, akiniachia nafasi.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Si huyu. Huyu alikupima vizuri. Mimi ndiye niliyechanganya jina lako na la mtu mwingine kwenye kompyuta. Ninaomba unisamehe."

Alinitazama kuanzia usoni mpaka kwenye viatu vyangu vya matope. Nilikuwa na maneno mengine tayari, mengi. Hakuyangoja.

"Unajua kufunga ng'ombe?"

"Hapana."

"Shika hii kamba," akasema. "Haitaki kuingia zizini mpaka ivutwe. Vuta, mimi nibadilishe nguo twende."

Nikavuta.

Sasa hivi amelazwa katika kituo cha afya kilicho karibu. Daktari wa zamu alisema tungechelewa wiki moja au mbili zaidi angezungumza nasi kwa namna nyingine. Mumewe alifika kabla hatujaondoka. Nilijieleza tena kwake pia, na yeye hakunipa kamba ya kushika. Alinigeuzia mgongo, na alikuwa na haki.

Tuliporudi barabarani Madam Conso alisema tu, "Umejitahidi kusema." Sikumwuliza kama amenisamehe. Hilo ataliamua mwenyewe, kwa wakati wake, na huenda asiliamue ninavyotaka.

Jumatatu nina barua ya kupokea. Kama nitafukuzwa, nitamwachia atakayekuja skripti iliyoandikwa vizuri, na karatasi inayoeleza kila namba iliyomo na kwa nini iko hivyo.

Kesho, kabla ya kazi, nitapita kituo cha afya nimwone Mary Wambui. Mumewe huenda akanifukuza mlangoni. Nikifukuzwa, nitarudi jioni?

Nadhani nitarudi.